Kopo la darasa liko chini ya kitanda changu

Mpendwa Yaya, dada mkubwa wa wasomaji,

Mimi ni msichana wa miaka 19, finalisti, yaani mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, opsioni (mchepuo) ya Pedagojia, ualimu, katika shule ndogo upande wa barabara ya Kipushi, kule Lubumbashi inakoanza kuchanganyikana na mashamba ya mihogo. Shule yetu haina uzio. Kengele yetu ni rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe, na anayeipiga ni mwanafunzi yeyote aliyechelewa siku hiyo, kwa sababu prefe, mkuu wa shule, anasema aliyesahau saa ndiye awakumbushe wengine. Mwaka huu finalisti tuko 31, wasichana 18 na wavulana 13. Tunajuana mpaka majina ya bibi zetu.

Mwezi wa pili tulichagua komite ya finalisti. Mimi wakaniweka kesia, mtunza hazina, kwa kuwa mama yangu anauza unga sokoni na walisema nimezoea kuhesabu. Tukapanga shughuli zetu zote za kumaliza: fulana za polo zenye majina mgongoni, mechi na walimu, misa ya shukrani, picha ya darasa, siku moja ya kwenda kutembea zoo, na zawadi ya kuiachia shule. Finalisti wa mwaka jana waliacha pipa la maji lenye bomba. Sisi tuliamua kuacha madawati manne, maana watoto wa darasa la saba bado wanakaa watano watano. Mchango ni dola 15 kila mmoja. Hadi leo wenzangu 24 wamemaliza, 5 wametoa dola tano tano, na 2 hawajatoa kitu. Mmoja wa hao wawili alifiwa na baba yake, tukakubaliana tusimguse. Kwa hiyo nina dola 385. Ziko ndani ya kopo la maziwa ya unga, nimelifunga kwa kipande cha kitenge, liko chini ya kitanda ninacholala na wadogo zangu wawili. Usiku nikiwa nyumbani, mdogo akigeuka mguu unagonga kopo na mimi naamka.

Baada ya disertasio (insha) na mtihani wa kuzungumza Kifaransa tukaanza makisi. Tunasoma na kulala shuleni, wavulana darasa lao na wasichana letu, tunarudi nyumbani mara moja moja tu. Usiku wa tatu rais wa komite akafunga mlango, akasema amepata mtu. Huyo mtu, kwa maneno yake, anajua watu. Anataka dola 300 kwa darasa zima. Akizipata atatuingiza kwenye kundi la WhatsApp, na kila asubuhi ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, kabla hatujaingia kituoni, majibu yatakuwa yameshafika. Rais akasema polo si diploma, na dawati si diploma. Wakapiga kura kwa mkono: 22 walikubali, 4 tulikataa, wengine waliangalia chini.

Mimi nikasema pesa hizi wazazi walizitoa kwa ajili ya polo na madawati, sikupewa ruhusa ya kuzibadilishia kazi. Msichana mmoja akasimama akaniambia: "Weye njo unazibia shiye njia. Tukianguka, bote tutaanguka juu ya weye." Tangu siku hiyo rafiki yangu, ambaye tumekaa benchi moja miaka mitatu, amehamisha mkoba wake. Jana asubuhi tulikuta ubaoni maandishi ya chaki: KESIA NI ASKARI. Rais amenipa mpaka Jumapili nilete kopo.

Mama hajui. Zile dola zangu 15 alizitoa mara tatu, kwa franka, noti zikiwa bado na unga.

Nikikataa, mimi ni msaliti. Nikitoa, mkono uliotoa ni wangu. Nikienda kwa prefe, darasa zima linaweza kuingia matatani siku chache kabla ya mtihani, na ni mimi nitakayekuwa nimelitia.

Na kuna jambo ambalo kwenye mkutano sikulisema. Hesabu zinanishinda. Ubaoni mwalimu akieleza naona kama naelewa, nikibaki peke yangu na karatasi kila kitu kinaondoka. Usiku ule niliponyosha mkono kukataa, moyoni nilikuwa naomba walio upande wa pili wawe wengi, ili majibu yaje na lawama isiwe yangu. Sasa nieleze, Yaya, mtu kama mimi anastahili kuwazuia wengine?

Kesia wa Barabara ya Kipushi, Lubumbashi

*

Mdogo wangu kesia,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilianzia chini, pale ulipoandika habari ya mkono wako na moyo wako. Aya ile wengi wangeifuta kabla ya kutuma. Nitairudia, usidhani nimeikwepa, lakini kwanza nikuambie jambo langu mwenyewe, maana nisipolisema nitakuwa nakupa mahubiri.

Mwaka 2003 nilikuwa finalisti, hapa hapa Lubumbashi. Wakati huo WhatsApp haikuwepo, biashara ilikuwepo. Darasa letu lilichanga, mtu akaleta karatasi iliyokunjwa ndogo kama kibiriti, ndani kuna mlolongo wa namba za majibu. Mimi niliishona kwenye upindo wa sketi. Nilikuwa na akili ya kawaida, si ya kwanza wala ya mwisho, na historia nilikuwa naijua vizuri. Nikaingia, nikajibu maswali kwa kichwa changu, kisha nikaanza kulinganisha na upindo wa sketi. Haikulingana. Unajua nilifanya nini? Nikafuta jibu langu nikaandika la karatasi. Nikafuta la pili. Nilifuta mpaka swali linalouliza jambo ambalo baba yangu alikuwa akinisimulia tangu nikiwa mdogo. Niliamini karatasi ya dola mbili kuliko baba.

Siku ya matokeo redio ilisoma shule yetu, nikasikia majina, langu halikusomwa. Jirani zetu mtoto wao alipita. Nilikaa nyuma ya mlango wa jikoni nikisikia vigelegele, na poda waliyommwagia, kama anavyomwagiwa kila anayepita, ikaruka juu ya ukuta mpaka kwenye nguo zetu zilizoanikwa. Mama alizianua akazikung'uta bila kusema neno. Nilirudia mwaka. Baadaye nilisoma, nikafundisha darasa la finalisti miaka 11, na yule mtu wa karatasi nimemwona kila mwaka, ila kila mwaka ana uso mwingine.

Kwa hiyo acha nikueleze biashara yake inavyokwenda, kwa sababu rais wenu anadhani amenunua mlango na kumbe amenunua upepo. Maswali ya Exetat yako katika seria, yaani matoleo tofauti. Wewe na jirani yako wa meza mnaweza kupata seria tofauti katika chumba kimoja, na namba inayofaa kwake ikakuangusha wewe. Siku ni 4: utamaduni wa jumla, sayansi, lugha, na masomo ya opsioni, na opsioni zenyewe ni nyingi, Pedagojia si Biashara wala si Latini. Simu haiingii chumbani. Maana yake utasoma namba zile nje, kwenye baridi, dakika chache kabla ya kengele, uingie umezikariri kama namba za simu ya mtu usiyemjua, kisha ufungue karatasi ya maswali ukiwa huna nafasi tena kichwani ya kuyasoma. Na ukikamatwa na karatasi au simu, unaweza kufutiwa mtihani, na mama yako atakuwa amelipia mwaka mzima wa minervali (ada ya shule) ili upate aibu. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini sekondari bado ni jasho la wazazi, wewe unalijua kwa rangi ya zile noti.

Muuzaji yeye hapotezi. Akiuzia madarasa kumi, katika kila darasa kuna watakaopita kwa akili zao, na hao bila kujua ndio watakaomtangaza mwakani: "Sisi tulipita, tulikuwa na mtu." Walioanguka wataona aibu kusema, na watakaompigia simu watakuta imezimwa. Sijawahi kusikia mmoja aliyerudisha pesa.

Sasa kopo. Hapa sina maneno mengi. Kura inaweza kuamua polo iwe ya bluu au nyeupe, inaweza kuamua muende zoo au muende Kipopo. Haiwezi kuamua kwamba pesa ya mama fulani aliyeambiwa "dawati" inunue kitu ambacho angeambiwa asingetoa. Hata wangenyosha mikono 30, wewe ungebaki na daftari lenye majina ya watu waliotoa kwa kazi nyingine. Wewe si mwenye pesa na rais si mwenye pesa.

Nisikilize vizuri hapa. Kopo usilipeleke kwa rais, na usiendelee kulala nalo. Leo, kabla ya kitu kingine, mwambie mama yako. Najua unamwogopa, unafikiri atapiga kelele sokoni. Mama anayeuza unga anajua deni, anajua watu wanaokuja na maneno matamu, anajua kuhesabu mbele ya mashahidi. Mwambie yote, hata ile aya ya mwisho ukiweza. Kisha kopo likae kwake mpaka siku ya mkutano, na daftari uliandike upya kwenye karatasi mbili, moja ibaki nyumbani.

Halafu Jumapili, badala ya kuleta kopo kwa mtu mmoja, leta kwa wote. Mchana, nje, chini ya mwembe wa kengele, si usiku mlango umefungwa. Chukua mmoja wa wale 4 waliokataa na mmoja wa wale 22 waliokubali, wakae pande zako mbili wahesabu pamoja nawe. Mama yako, au mzazi mmoja wa komite ya wazazi, awepo kwa mbali hata kama haongei. Usome daftari kwa sauti: fulani alitoa dola 15, fulani 5, jumla 385. Kisha umrudishie kila mmoja chake mkononi, atie saini. Wote, hata walio upande wako.

Najua hukutegemea nikuambie urudishe. Ungependa niseme linda pesa, nunua madawati kwa nguvu. Sitaki ufanye hivyo, kwa sababu ukibaki na kopo vita vyote vitabaki juu yako mpaka siku ya mtihani, na wewe una hesabu za kusoma. Pesa ikirudi mkononi kwa mtu, swali linageuka. Mtu aliyenyosha mkono usiku katikati ya wenzake, kwa pesa iliyokuwa chini ya kitanda cha mtu mwingine, sasa anashika dola 15 za mama yake mchana. Atakayetaka kununua majibu anunue kwa mkono wake na kwa jina lake. Nimeliona hili mara moja nikiwa mwalimu: darasa lilikuwa na mikono zaidi ya 20, siku pesa ziliporudishwa waliompelekea muuzaji walikuwa wanne, na muuzaji hakukubali dola 60, akaondoka. Sisemi kwenu itakuwa hivyo. Nasema wewe utakuwa umetoka katikati.

Maneno ya kusema yawe machache. Usiwaite wezi. Sema: "Mlinipa pesa za polo, za safari na za madawati. Kazi imebadilika, mimi sikuchaguliwa kwa kazi hii mpya. Kila mtu achukue chake." Kisha anza kusoma majina. Akisimama mtu kukutukana, endelea kusoma majina. Orodha ikisomwa kwa sauti ya kawaida inachosha watu wenye hasira. Niliona hivyo katika mikutano mingi ya walimu, ambayo nayo, kati yetu, ilikuwa na kelele kuliko yenu.

Je, prefe? Hapo nimefikiri sana, na jibu langu huenda lisimpendeze kila msomaji. Shuleni kwingine nimeona wakubwa wakiwa ndani ya biashara hii, na mtoto aliyekwenda kushtaki ndiye aliyepata taabu. Kwingine prefe alikuwa mtu safi na neno moja lake lilimaliza jambo bila kumwadhibu mtu. Wewe unamjua wa kwenu, mimi simjui. Mtu anayewafanya wachelewaji wapige kengele badala ya kuwachapa ananipa moyo kidogo. Lakini usiende peke yako, na usiende kabla pesa hazijarudi. Mama yako na huyo mzazi wa komite waende, wasitaje majina ya wanafunzi, waseme tu kwamba kuna mtu anayezunguka makisi akitaka dola 300. Kumzuia mgeni asiingie katika makisi ya watoto ni kazi ya watu wazima, na tayari umebeba yao nusu.

Hilo la makisi linanikumbusha jambo lisilohusu pesa. Baridi ya mwezi wa sita mnaijua. Msiingize mbabula, jiko la makaa, ndani ya darasa mnalolala madirisha yamefungwa. Hewa ya makaa haina harufu ya kukuamsha, inaua mtu akiwa amelala vizuri kabisa. Ioteni nje, mkiingia iacheni nje, ongezeni blanketi. Wasichana mfunge mlango wenu kwa ndani, na ufunguo uwe kwa mmoja wenu, si kwa rais.

Sasa aya ya mwisho. Unauliza kama mtu aliyetamani majibu anastahili kuwazuia wengine. Mdogo wangu, katika wale 22 na wale 4 na wale walioangalia chini, nani hakuyatamani? Na mimi niliyafunga kwenye sketi. Kutamani kulikuwa moyoni, mkono ulinyooka upande mwingine, na walichokiona wenzako ni mkono. Ningependa zaidi uniulize hesabu utazifanyaje, maana hilo ndilo lililokupeleka karibu na kukubali, na hilo lina dawa.

Hesabu ni kipande cha mtihani, si mtihani. Diploma inaanzia asilimia 50 ya yote. Una utamaduni wa jumla, una Kifaransa, una masomo ya Pedagojia uliyoyafanyia mazoezi mbele ya watoto wa kweli wakati wa staji. Mtu dhaifu wa hesabu anaangushwa mara nyingi na hofu ya hesabu: anaingia siku ya sayansi akiwa amekwisha kujihukumu, anaacha hata biolojia aliyoijua. Tafuta aitemu, yaani maswali ya Exetat ya miaka iliyopita, zinauzwa fotokopi kila mahali kipindi hiki. Kila jioni chukua kumi za hesabu, si hamsini. Zifanye bila kuangalia jibu, kisha zile ulizokosa uziandike upya kesho yake asubuhi kabla ya kunywa chai. Utaona maswali yanarudi kwa sura zilezile: milinganyo, asilimia, jiometri kidogo, takwimu kidogo. Ukiandika kwamba ubaoni unaelewa na peke yako unasahau, maana yake unatazama mkono wa mwalimu badala ya kutumia wako. Nilifundisha watoto wengi wa namna hiyo. Wanaanza kupona siku wanapokubali kukosea kwenye karatasi yao wenyewe mara ishirini.

Na mkirudishiwa pesa zenu, pendekeza jambo moja kabla watu hawajatawanyika: kila anayetaka atoe dola 3 za kumlipa mwalimu mmoja wa hesabu jioni sita, na taa moja ya sola, maana umeme wa huko kwenu naujua. Wakija kumi tu, hiyo ni dola 30, mwalimu atapatikana. Usishangae ukiwaona katika hao kumi baadhi ya walioandika ubaoni.

Rafiki wa benchi mwache kwanza. Usimfuate na barua, usimtumie watu. Aliyekaa nawe miaka mitatu anajua unavyoshika kalamu. Siku ya kwanza ya aitemu kaa mahali pako, acha nafasi yake wazi, weka karatasi mbili. Asipokuja, umepata karatasi ya kesho.

Rais naye si mtu mbaya katika barua yako, ingawa hukukusudia kumtetea. Ni mvulana aliyeambiwa awaongoze watu 30 kwenye kitu anachokiogopa, akatafuta njia fupi. Kwenye mechi na walimu mpeni jezi. Ila golini msimweke.

Mambo ya polo na madawati yatarudi yenyewe, na kama hayatarudi yote, punguzeni. Exetat imekuwepo tangu 1967, na finalisti wengi walimaliza bila polo, wakapigwa poda wakiwa na shati la kaka. Zoo inaweza kusubiri matokeo. Misa haina bei. Picha mpigwe kwa simu ya mtu mwenye mkono usiotetemeka, chini ya ule mwembe, rimu ionekane. Lakini madawati ningeyapigania kuliko vyote. Nendeni kwa seremala wa huko huko kwenu, msinunue mjini, mumuulize bei ya mbao na bei ya kazi kila moja peke yake, kisha wavulana 13 wapige randa na msasa wenyewe, bei itashuka. Yakitoka mawili badala ya manne, watoto sita wa darasa la saba watakaa watatu watatu hapo, na wengine watapata nafasi zaidi.

Na kama mtachapisha polo, yule mwenzenu aliyefiwa na baba yake mwandikieni jina mgongoni kama wengine. Msimuulize, msimtangaze. Mumkabidhi imekunjwa, siku moja na wengine wote.

Yaya